Kabla ya kununua buti la Kilimanjaro, fikiria njia ya kushuka

Kwenye Mlima Kilimanjaro, viatu vingi havimtesi mtu wakati wa kupanda. Kupanda kunatesa mapafu. Viatu huanza kudai chao pale mtu anapogeuka kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, akadhani kazi imekwisha.

Aliyekuja kwa njia ya Machame, Lemosho au Umbwe hurudi kwa njia ya Mweka. Siku ya kilele anakuwa ameamshwa usiku wa manane kambi ya Barafu, amepanda takribani mita 1,200 za kokoto na mchanga wa volkano, na asubuhi hiyohiyo anaanza kushuka. Mara nyingi halali tena Barafu. Anapumzika kidogo, anakula, kisha anaendelea hadi kambi ya Mweka iliyo kwenye mita 3,100 hivi. Kesho yake anaingia msituni kwenye ngazi za magogo na tope hadi langoni. Ukijumlisha, ni zaidi ya mita 4,000 za kuteremka ndani ya siku mbili, na kwa kila hatua kidole gumba kinasukumwa mbele ya kiatu. Ukikaa pale lango la Mweka mchana utawatambua walionunua viatu vinavyowabana: wanatembea kinyumenyume kwenye ngazi za mwisho, au wamevua kabisa na kuvaa ndala. Kucha zao zitageuka nyeusi wiki hiyo na nyingine zitang'oka baadaye.

Dukani hayo yote hayaonekani. Mteja anavaa kiatu, anatembea hatua tano kwenye vigae, anauliza kama ni ngozi halisi na kama hakipitishi maji. Hakuna anayeuliza kitafanyaje kwenye mteremko. Mimi naliona hilo kuwa swali la kwanza, mbele ya bei, mbele ya chapa, na mbele kabisa ya rangi.

Swali hili sasa ni la kwetu pia. Zamani mazungumzo ya mabuti ya mlimani yalikuwa ya wageni kutoka Ulaya na Marekani waliofika na viatu vyao tayari. Leo makundi ya Watanzania hupanda kila mwaka kuelekea 9 Desemba, kuadhimisha siku ambayo Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na Mwenge kileleni mwaka 1961. Kuna makundi ya kazini, ya kanisani na ya marafiki wa mtandaoni. Nairobi nako, kila Jumamosi alfajiri mabasi madogo yanawapeleka vijana Ngong, Longonot na milima ya Aberdare. Wengi wao wananunua buti kwa mara ya kwanza, na wengi wananunua kwa kutazama picha.

Tuanze na mguu wenyewe, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mlimani huvimba zaidi. Kwa hiyo nenda kujaribu viatu jioni, baada ya shughuli, ukiwa umebeba soksi zilezile utakazopanda nazo. Vaa kiatu bila kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha, kisha ingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimishwa, urefu unatosha. Kisipoingia, kiatu hicho kiache hata kama muuzaji anaapa kwamba kitatanuka. Ngozi hutanuka kwa upana kidogo. Kwa urefu haitanuki.

Sasa funga kamba, utafute mteremko. Maduka makubwa ya ng'ambo huwa na kijimlima cha mbao kwa kazi hii. Huku kwetu tumia ngazi, au njia ya magari ya kushukia gereji. Teremka ukikanyaga kwa nguvu. Vidole vikigonga mbele, kiatu ni kifupi au hakikukamati vizuri juu ya mguu. Kisha panda. Kisigino kikiinuka na kusuguana na kiatu, malengelenge yanakusubiri. Kosa dogo la dukani linavumilika kwa kilomita mbili, lakini kutoka kambi moja hadi nyingine unatembea saa tano, sita, na siku ya kilele zaidi ya kumi.

Kuna watu wanaokwepa tatizo la kisigino kwa kununua kiatu kinachobana, kisha wanavaa soksi mbili nene kwa kuogopa baridi. Hapo wanajiletea baridi wenyewe. Usiku wa kilele joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au hata 20 chini ya sifuri, na kinachoupasha mguu joto ni damu inayozunguka pamoja na hewa iliyotulia ndani ya kiatu. Ukikaza mguu kama mzigo wa mkaa, unazuia vyote viwili. Soksi moja nene ya sufu ndani ya kiatu chenye nafasi ina joto kuliko soksi tatu ndani ya kiatu kilichobana. Soksi za pamba ziache nyumbani: zinanyonya jasho, zinakaa nalo, na saa nane usiku jasho hilo huwa baridi kali.

Kamba nazo zina kazi yake. Wengi hufunga asubuhi na hawazigusi tena hadi kambini. Unapopanda, legeza kidogo sehemu ya juu ili kifundo kipinde vizuri. Unaposhuka, kaza pale mguu unapokunjika, ili kisigino kibaki nyuma na vidole visikimbilie mbele. Kabla ya kuanza kuteremka kwenye kokoto za kurudi kambi ya Barafu au ya Kibo, simama dakika mbili ufunge upya, au mwombe mwongozaji akufungie kama vidole vyako vimekufa ganzi. Wala si aibu. Na kucha zikatwe siku chache kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari.

Ardhi yenyewe ndiyo inayosema ni kiatu cha aina gani. Kilimanjaro ina ardhi za aina nyingi ndani ya safari moja, ndiyo maana ushauri wa jumla jumla unapotosha. Chini ni msitu wa mvua, wenye mizizi inayoteleza na tope. Juu yake kuna nyika za vichaka na mawe. Halafu linakuja jangwa la juu, vumbi na kokoto, na mwisho mteremko wa kilele, ambako hatua moja mbele hukurudisha nusu hatua nyuma. Anayepita kambi ya Barranco anakutana na ukuta wa mwamba unaopandwa kwa mikono na miguu. Hakuna sehemu katika njia hizo za kawaida inayodai buti zito la plastiki la wapanda barafu. Kinachohitajika ni buti la uzito wa kati, linalofunika kifundo, lenye soli isiyokunjika hovyo katikati na yenye meno marefu yaliyoachana ili tope lidondoke. Soli laini sana inafanya uhisi kila jiwe, na kufikia siku ya nne nyayo zinawaka.

Kuhusu kufunika kifundo, wauzaji hudai kwamba shingo ndefu ya buti inazuia mguu kuteguka. Ushahidi wa dai hilo si imara kama wanavyolisema. Kifundo kinalindwa zaidi na misuli iliyozoea kutembea kwenye ardhi mbovu. Faida ya kweli ya shingo ndefu kwa mpandaji wa kawaida ni kuzuia kokoto, mchanga na maji kuingia, na kukinga mfupa wa pembeni usigongwe na mawe. Hiyo nayo ni faida kubwa. Lakini kuna watu wanaopanda na viatu vyepesi vya mbio za porini na wanafika. Agosti 2014, Karl Egloff, raia wa Ecuador na Uswisi, alipanda Kilimanjaro na kushuka kwa saa 6 na dakika 42, na hakuwa amevaa buti la ngozi. Ukiwa na miguu kama yake, makala hii haikuhusu.

Kadiri kiatu kinavyokuwa chepesi, mguu unachoka polepole. Kila gramu iliyo mguuni unaiinua na kuishusha maelfu ya mara kwa siku, kwa hiyo uzito wa kiatu unakula nguvu kuliko uzito uleule ukiwa begani. Usinunue buti zito kwa kudhani uzito ndio uimara.

Ukiondoka Kilimanjaro, hesabu inabadilika. Mlima Meru, ambao Watanzania wengi huupita barabarani wakienda Arusha, una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na wembe wake wa juu ni majivu na miamba ya lava. Hapo buti la Kilimanjaro linafaa bila kubadilisha chochote, ila ongeza gaita, vile vitambaa vinavyofungwa kuanzia kwenye buti hadi chini ya goti. Bila gaita utasimama kila robo saa kumwaga kokoto.

Ol Doinyo Lengai ni habari nyingine. Mlima huo ulioko karibu na Ziwa Natron haufiki mita 3,000, na ndio volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina ya natrokabonatiti katika zama zetu. Unapandwa usiku kwa sababu mchana bonde lile linachoma. Tangu mlipuko wa 2007 na 2008 uumwagie majivu mapya, sehemu za juu ni mteremko mkali wa majivu yaliyoganda, yenye vumbi legevu juu yake. Kiatu kinachozuia maji hakina kazi hapo. Kinaufanya mguu uoge jasho tu. Unachotaka ni soli ngumu yenye ukingo mkali unaoweza kukata ngazi kwenye majivu, na kiatu ambacho hutasikitika kikichakaa. Utawaona vijana wa Kimaasai wakipanda kwa katambuga za matairi, wakikusubiri huku wanapiga soga. Usiwaige. Nyayo zao zimejengwa na ardhi ile tangu utotoni, zako zimejengwa na lami.

Kisha kuna Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Anayefika huko na buti la bei mbaya kutoka Ulaya, waongozaji humpa gambuti. Si utani. Mabonde ya Rwenzori ni vinamasi ambamo mguu huzama hadi magotini, na hakuna utando wowote wa kuzuia maji utakaokusaidia kama maji yanaingia kwa juu. Gambuti la mpira, soksi nene na kitambaa cha ziada cha kuweka ndani ya kiatu vinakufikisha hadi karibu na barafu. Huko juu ndiko unakobadilisha na kuvaa buti gumu linaloweza kufungwa kramponi, yale meno ya chuma ya kutembelea barafu, kwa ajili ya kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mlima Kenya una sehemu ya namna hiyo kwenye njia ya Naro Moru, mteremko wa tope na majani unaochosha kabla hujaona mwamba wowote, ingawa kuanzia hapo hadi Point Lenana, mita 4,985, unarudi kwenye mawe na kokoto kama za Kilimanjaro.

Kwa matembezi ya siku moja, Lushoto, Morningside juu ya Morogoro, maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, Longonot au Ngong, buti la Kilimanjaro linazidi mahitaji. Kiatu chepesi cha porini chenye meno kinatosha. Raba yenye soli bapa usiijaribu kwenye udongo mwekundu wa Usambara baada ya mvua. Hata wenyeji huvua wakatembea peku kuliko kuteleza nayo. Udzungwa ingiza suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu.

Soli yenye meno tunayoizungumzia ina historia yake, na nayo ni historia ya kushindwa kushuka salama. Mwaka 1935, wapandaji sita waliokuwa na Mwitaliano Vitale Bramani walifariki katika milima ya Alpi baada ya dhoruba kuwakuta na viatu visivyofaa kwa baridi na barafu. Enzi hizo watu walitembea kwa mabuti ya misumari hadi chini ya mwamba, kisha wakabadilisha na kuvaa viatu laini vya kupandia. Bramani alitaka soli moja ifanye kazi zote mbili. Kwa msaada wa kampuni ya matairi ya Pirelli, akatoa mwaka 1937 soli ya mpira yenye meno, na jina Vibram linatokana na jina lake. Waitaliano waliofika kilele cha K2 kwa mara ya kwanza mwaka 1954 walikuwa wameivaa. Ile alama ya njano yenye pembe nane leo utaikuta hata kwenye viatu ambavyo kiwanda hicho hakivijui, kwa hiyo usinunue alama. Bonyeza mpira kwa ukucha, kunja kiatu, tazama meno.

Na hapo tunafika kwenye mitumba, ambako ndiko wengi wetu tunanunua. Soko la Memorial pale Moshi, Karume Dar es Salaam, Gikomba Nairobi, yote yana mabuti mazuri kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Sina ugomvi na mitumba, na buti la mtumba lina sifa moja ambayo jipya halina: limekwisha kulainishwa na miguu ya mtu mwingine. Tatizo ni jambo ambalo macho hayalioni.

Kati ya soli ya nje na mguu kuna tabaka la kati la kupunguza kishindo. Katika mabuti mengi tabaka hilo ni la poliuretani. Povu hili huharibiwa na unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Buti linaweza kuonekana jipya, ngozi inang'aa, meno hayajalika, na ndani yake povu limeshakuwa kama makombo ya mkate. Likipata mzigo na baridi ya siku mbili, soli nzima inabanduka. Waongozaji wa Kilimanjaro wanazijua soli za namna hiyo, ndiyo maana wengi hubeba gundi, kamba au utepe mpana mkobani.

Kwa hiyo ukiwa mnadani, usimalizie kwenye kutazama. Bonyeza kwa kidole gumba ule ubavu wa soli kati ya mpira na ngozi. Ukibonyea ukarudi, vizuri. Ukitoa unga, ukinata, au ukionyesha nyufa ndogondogo, rudisha hata kama ni bei ya kutupa. Kunja kiatu kwa nguvu mara kadhaa uangalie kama kuna mahali panapoachia. Ukikinunua, kivae na uzunguke nacho mtaani kwa wiki tatu au nne kabla ya safari, ukiwa umebeba begi. Soli iliyokufa itajitaja hapo hapo Mbagala au Umoja, si kule Stella Point, karibu na kilele.

Fundi viatu ni rafiki, ila kuna kazi moja ya kumzuia. Ukimpelekea buti la kuzuia maji, kwa nia njema atapitisha uzi wa nailoni kuzunguka soli yote. Kwa raba ni ukombozi. Kwa buti lenye utando wa ndani, ile teknolojia iliyoanzia kwa Bob Gore mwaka 1969, sindano inaweza kutoboa utando na maji yakaingia kwenye kila tundu. Mwombe agundishe, abane, aliache likauke hadi kesho yake.

Swali la mwisho ambalo huulizwa sana ni kama mtu akodi. Moshi na Arusha kuna maduka yanayokodisha kila kitu. Ushauri wangu: kodi begi la kulalia, kodi fimbo, kodi koti la manyoya, kodi hata gaita. Kiatu usikodi kama una uwezo wowote wa kununua mtumba mzuri mwezi mmoja kabla. Kiatu cha kukodi unakutana nacho siku ya kuondoka, na mguu wako haukijui. Kama huna njia nyingine, fika siku moja mapema, jaribu jozi kadhaa jioni, na tembea nayo uliyoichagua usiku huo mjini.

Lipo pia suala la wagumu, jina wanalojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Kanuni za hifadhi zinamwekea kila mmoja wao kikomo cha mzigo wa kilo 20, na wanapita kokoto zilezile, wakikutangulia kambini kukusimikia hema. Baadhi yao bado wanapanda na raba zilizotoboka. Kabla ya kulipa kampuni ya kukupandisha, uliza wapagazi wake wanavaa nini miguuni na nani anavigharimia, kisha pale langoni angalia mwenyewe. Na kama una buti unalotaka kuligawa, lipeleke Kilimanjaro Porters Assistance Project pale Moshi, ambako wapagazi huazima vifaa vya mlimani bila malipo. Ila kabla hujalipeleka, bonyeza kwanza ubavu wa soli. Ukitoa unga, litupe.